Moshi Kwanza, Ndipo Mzinga

Nilipoambiwa mlango mmoja wa moyo wangu umekakamaa na lazima ubadilishwe, sikuogopa kisu. Niliogopa kupoteza majina. Shule niliishia darasa la pili, kwa hiyo watu wangu wote nimewaweka kichwani, wazima na marehemu. Na jirani yetu mmoja, hapo mtaani kwetu Gongoni, alirudi kutoka upasuaji kama huo akimwita mkewe dada.

Tukashuka Dar es Salaam kwa treni, mimi na binti yangu, reli ikiandama njia aliyoipita babu wa baba yangu, mpagazi, na pembe ya ndovu begani.

Daktari alikuwa mwanamke kijana. Aliniamkia, akakaa ukingoni mwa kitanda. Alisema moyo utasimamishwa, damu izungushwe na mashine. Damu ikigusa mirija ile migeni ya mashine, mwili mzima hushtuka, hukasirika, huvimba. Hasira hiyo hufika kwenye mapafu, kwenye figo, na kwa wazee huweza kuvuruga akili.

Nikamuuliza wataituliza vipi. Akasema mirija imepakwa kitu cha kuihadaa damu isione mgeni, dawa ya kutuliza watanipa mapema, na mashine haitakaa zaidi ya inavyolazimu.

Hapo nikamwona baba porini, chini ya mzinga wa gome, akipuliza moshi taratibu, kisha akingoja. Hakufungua mzinga kabla ya kufukiza hata siku moja. Nyuki watakasirika tu, alikuwa akisema, ila watakasirika kidogo.

"Kumbe na nyinyi mnafukiza kwanza," nikasema.

Binti yangu akacheka, akamfafanulia daktari habari za nyuki. Daktari akatabasamu: "Ndiyo, Bibi. Ila moshi wetu unapita kwenye mshipa."

"Haya, fukizeni."

Usingizi ule ulikuwa na harufu ya majani mabichi yanayoungua. Nilitembea njia ya wapagazi, mizigo ikinipita bila watu chini yake, na nyuki wakatua mikononi mwangu wazito, wapole, kama wanaota na wao.

Nilizinduka uso umevimba kidogo, koo likiwasha. Binti yangu aliinama, macho mekundu.

"Mama, mimi nani?"

Nikamtaja, na lile jina la utani analolichukia. Nikamtaja bibi yake, kisha nikaingia Gongoni mlango kwa mlango, waliohama na waliozikwa, mpaka akaniwekea kiganja mdomoni.

"Basi, Mama. Wengine kesho."