Gobore la Baba Sikulipiga

Nisameheni kwa mwandiko huu na kwa maneno niliyoyakosea. Niliishia darasa la nne, na kalamu yangu huenda polepole. Lakini hili sitalinyamazia.

Gobore letu babu alirudi nalo kutoka pwani, alikopeleka pembe za ndovu begani. Baba alilitumia kufukuza nguruwe katika shamba letu la mtama, hapa karibu na Tura. Alipofariki, mila ilitaka mrithi alipige mbele ya ukoo siku ya kuondoa matanga. Asipolipiga, linakwenda kwa mwingine. Mrithi ni mimi, nami sikufundishwa. Baba aliwahi kunionyesha jambo moja tu: alama aliyoikata kwenye ufito wa kushindilia. Baruti ikiwa ya mlio mmoja, alama huwa sawa na mdomo wa gobore.

Siku hiyo baba mdogo alilishindilia, pombe ikiwa imekwisha kumpanda. Nikatia ufito. Alama ikasimama juu sana ya mdomo. Nikauliza nani mwingine aliyelishindilia. Shemeji yake akasema ni yeye, asubuhi. Gobore lililoshindiliwa baruti mara mbili humpasukia mpigaji usoni.

Mimi sauti yangu haitoki mbele za watu. Nikaliweka chini, nikasema silipigi, wala silishiki tena mpaka nifundishwe. Wakacheka. Baba mdogo akauliza kama nataka gobore liniandikie barua ya kunifundisha. Mwanamume, alisema, huzaliwa anajua bunduki. Kisha akalitwaa aende nalo kwake. Mama akainama. Mtama ulikuwa karibu kuiva.

Nikasimama mlangoni. "Baba mdogo, anayelichukua hulipiga kwanza. Lipige."

Akautazama ufito. "Leo ni siku ya marehemu," akasema, "si siku ya kelele."

"Basi liache."

Akaliegemeza ukutani, akarudi kwenye pombe.

Bado lipo kwetu. Mwindaji mmoja wa jirani aliitoa ile baruti, na sasa ananifundisha. Kwa sasa mimi na mama tunafukuza nguruwe kwa kupiga debe. Baba mdogo ananiita Bwana Ufito. Aniite tu. Bomani nako, walipompa baba kibali, waliuliza jina na kijiji. Kama anajua kupiga hawakuuliza. Nasema wote wamekosea, boma na ukoo. Asiyefundishwa asipewe bunduki, hata akiwa mrithi, hata akiwa jumbe.

Ninyi mnaosoma, kwenu mnafanyaje? Niandikieni, hata kama mnaniona mwoga. Nitawajibu, ila polepole.