Maua ya Shaba Makaburini

Nilitoka Lubumbashi kwa sababu moja tu: mbegu. Nasomea uhifadhi wa viumbe, shahada ya uzamili, na tasnifu yangu inahusu ua dogo la zambarau linaloota penye shaba tu. Profesa alishaniambia wazi kwamba bila mbegu hai hakuna tasnifu.

Njiani tulikula vumbi la malori ya madini mpaka jioni. Kolwezi niliingia nimebadilika rangi, nakohoa.

Kesho yake nikaenda Mutoshi. Kilima ambapo wenzangu wa chuo waliliona ua hilo hakipo tena. Pana shimo, na vijana wanapanda na magunia. Nilipowauliza kuhusu ua wakacheka. Wao wakiliona wanajua shaba iko chini, wanachimba papo hapo. Nilikaa juu ya jiwe nikalia, bila aibu yoyote.

Usiku huo nililala Musonoi kwa Mama Ngalula, Mkasai muuza unga, ambaye babu yake aliletwa huku kutoka Kasai kufanya kazi mgodini. Tukiwa tunakula bukari, ugali wa huku, nilimwonyesha picha ya ua. Akaacha kula. Asubuhi tukapanda pikipiki hadi makaburini.

Lilikuwepo, jamani! Lilikuwa limefunika kaburi zima la mwanawe, Kalala. Shimo la shaba lilimwangukia akichimba, na wenzake wakamzika kwa udongo wa shimo lile lile. Kila msimu mama huyang'oa maua kabla hayajachanua. Mwaka huu magoti yalimkatalia. Nilitaka kumsihi tusiguse kitu, kwa kuwa tumefundishwa mmea ulindwe pale ulipoota.

"Ng'oa yote," aliniambia. "Batu ba kuchimba bakiona ile maua, batachimba mutoto wangu."

Nikang'oa yote kwa mikono yangu, hadi kaburi likabaki tupu. Mbegu nikazitia kwenye bahasha. Kisha nikaomba kopo moja la udongo, maana mbegu hizi bila udongo wake ni shida kuota.

"Mbegu, beba," akasema. "Udongo, hapana. Ile njo yeye, mutoto wangu."

Nimerudi Lubumbashi. Nilikuwa nimeondoka nikidhani nakwenda kuokoa kitu kisicho na mwenyewe, kumbe kina mwenyewe, naye anamlilia mwanawe. Mbegu nimezipanda kwenye udongo mwingine wa shaba, na mpaka leo hakuna hata moja iliyoota. Profesa anataka nirudi kuchukua ule wa Musonoi. Nimemjibu kwamba ule si udongo.