Siku Niliyomwita Mayu Jirani

Nimejisifu kwa mambo mengi, lakini hili nalisimulia nikiwa nimeinamisha uso. Mimi niliishia darasa la nne, nikaingia duarani, shimo la wachimbaji, na sururu ya kuazima, na leo nina karasha tatu za kusaga mawe ya dhahabu hapa Katoro na nyumba ya vigae (uliza, utaonyeshwa). Ndiyo maana ndugu wa mchumba wa mwanangu Masanja walipopiga simu kwamba wanatoka Ushirombo kuja kuiona familia kabla ya kumtoa binti yao, nilijua watababaika wenyewe.

Shida ilikuwa mayu, mama yangu mzazi. Mikono na miguu yake ilikuwa imeota magamba mazito kama ganda la mti, yanapasuka na kuwasha mchana na usiku, na watu walishaanza kunong'ona, wengine ukoma, wengine karogwa. Marehemu mjomba alikuwa hivyo hivyo. Na mimi vidole vilikuwa vimeshaanza (mke wangu nilimwambia ni simenti imenila). Basi nikaamua kajambo kadogo tu: mayu akae stoo ya nyuma kwa saa moja, wageni wapate chakula, waondoke. Mwenyewe nikavaa koti la suti kwenye jua lile, mikono mfukoni kama mheshimiwa.

Huku kwetu hakuna ndoa bila kuchunguza ukoo, kwa hiyo baba mdogo wa binti akauliza kwa upole kama tuna ugonjwa wowote wa kurithi.

"Mzee mwenzangu, damu yetu safi! Ngozi zetu kama za watoto wachanga!"

"Na bibi yuko wapi, tumsalimie?"

"Kaenda Mhunze kwa dada yangu."

Kumbe mayu amesikia sauti za wageni, na kwa malezi yake mgeni hawezi kuingia nyumbani kwake asisalimiwe. Akatokea uani na fimbo yake, akawasalimu kwa Kisukuma. "Mwangaluka, wanangu."

Nami, mtu mzima mwenye karasha tatu, nikacheka nikasema, "Aa, huyu mama ni jirani, kakosea mlango."

Mayu akaniangalia. Hakukasirika. Akasema, "Kweli, nimekosea mlango," akaanza kugeuka.

Masanja akainuka. "Bibi, kaa kiti changu."

Sijui kama ardhi ilishawahi kumkatalia mtu kummeza namna ile. Shangazi wa binti, ambaye ni muuguzi, akamfuata mayu, akamtazama mikono kwa makini, kisha akanigeukia mbele ya wote. "Baba Masanja, toa mikono mfukoni."

Nikatoa.

"Huu si ukoma wala uchawi," akasema. "Ni upele, ule mkali, wadudu wamejaa ndani ya ngozi. Wadudu wanampata yeyote, ila kuna miili inashindwa kuwazuia, na mara nyingine udhaifu huo unatembea kwenye ukoo. Dawa ipo, ya kumeza na ya kupaka, nyumba nzima kwa pamoja. Tuliuliza ili tujue, siyo tuwakimbie."

Baba mdogo akavaa kofia yake. "Ugonjwa tungeupokea. Lakini binti yetu akiugua hapa, naye mtasema ni jirani?"

Wakaondoka, wali ukiwa haujaguswa.

Tulitibiwa wote, matandiko tukayachemsha na kuyaanika juani, magamba ya mayu yakadondoka polepole. Masanja alikwenda Ushirombo kuomba radhi mara mbili. Wakakubali, kwa sharti kwamba msemaji wa familia awe mdogo wangu. Harusini nilikaa safu ya nyuma, na nilistahili.

Nimeapa sitaficha tena mgonjwa wangu, na kiapo nakitunza. Lakini mpaka leo nikiingia na mgeni, mayu haamkii kwanza. Ananitazama, anasubiri asikie nitasema yeye ni nani.