Kiti cha Njoki

Jirani yangu wa ghorofa ya juu, hapa Kilimani, huburuta kiti kila asubuhi anapoketi kunywa chai. Kinakwaruza vigae kwa mlio mrefu, mwembamba, unaopanda mwishoni mtu akadhani kinauliza kitu. Maskini hajui anachonifanyia. Chai yangu hupoa mkononi, nami hujikuta nimegeukia mlango, nikimngoja Njoki aingie akilalamika kwamba nimemwacha nyuma tena.

Njoki alikufa tukiwa kidato cha kwanza.

Shule yetu ilikuwa kubwa, ya serikali, upande wa magharibi wa jiji, na wasichana tulikuwa wengi mno hata walimu wengine walitujua kwa namba tu. Ukumbi ulikuwa mpana lakini haukuwa na viti. Kwa hiyo kila Jumatatu kengele ilipolia, kila mmoja alibeba kiti chake kutoka darasani, akakivusha uwanja, akakikalia, kisha akakirudisha. Siku za mtihani mambo yalikuwa yaleyale. Namba yako iliandikwa mgongoni mwa kiti kwa rangi nyeupe, na ole wako ukikipoteza, kwa maana viti vya shule ile vilijua kutembea kuliko sisi.

Kiti cha Njoki, mwenzangu wa deski, kilikuwa cha chuma na mguu mmoja ulikuwa umepoteza mpira wake. Kilipiga kelele hata ukikigusa kwa kidole. Wiki ya kwanza tu alinitazama mikono, akatabasamu.

"Shiru, wewe umetoka Mutuini, umezoea kubebea ng'ombe nyasi. Nibebee kiti, mimi nikufunze hesabu."

"Kwani wewe ni malkia?"

"Mimi ni VIP. Utazoea."

Nami nilizoea. Alinifundisha kupitisha kiti kimoja ndani ya kingine ili vining'inie begani, na jioni alinifundisha aljebra hadi ile x ikaacha kunitisha. Tulipovuka uwanja alikuja nyuma yangu polepole, akiinama kila mara kufunga kamba za viatu ambazo hazikuwa zimefunguka. Nilimcheka. Nilimwita Ajuza, naye akacheka kuliko mimi.

Tulipofungua muhula wa pili, mwalimu wetu wa darasa, Madam Kerubo, aliyetufundisha Kiswahili, alisimama mbele yetu akatuambia kwamba Njoki alifariki likizoni na alikwisha kuzikwa kwao kijijini. Tukaomba. Kisha akatuambia tufungue vitabu, tukaandika methali za insha. Moja ilisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Niliinakili kwa mwandiko mzuri sana.

Jumatatu kengele ilipolia, mikono yangu ilichukua viti viwili. Hakuna aliyenituma. Nilikiweka chake kando yangu ukumbini, na safu nzima ikakiacha. Wiki iliyofuata nikafanya vivyo hivyo. Haukupita muda, wasichana wakaanza kunong'ona kwamba darasa likiwa tupu wakati wa michezo, kiti kile kinasikika kikijiburuta. Wengine hawakukubali kupita karibu nacho. Mimi nilikaa makusudi darasani, nikakitumbulia macho, nikikiomba kisogee. Nilikuwa na hofu, lakini hamu ilizidi hofu.

Ndipo akaja Zainab, aliyehamishwa kutoka shule nyingine. Baba yake aliuza vitambaa mjini, na Zainab mwenyewe alikuwa kimya, mwenye macho makubwa. Viti vilikuwa vimekwisha stoo.

"Chukua hicho kilicho kando ya Wanjiru," Madam Kerubo akasema, akinitaja kwa jina langu kamili.

Nilikishika kwa mikono miwili. "Kina mwenyewe, Madam."

Nilingoja kufukuzwa, lakini Madam alivua miwani, akaifuta kwa muda mrefu, akaanza somo. Zainab alibanana na msichana mwingine kwenye kiti kimoja, na Jumatatu alisimama ukumbini, mgongo ukutani, tangu wimbo wa taifa hadi tangazo la mwisho. Jumatatu ya pili tulipokuwa tukivuka uwanja, alikishika kiti cha Njoki upande wa pili.

"Hii kiti ni ya nani?"

"Ya Njoki."

"Na ameenda wapi?"

Nilifungua kinywa. Neno lile nilikuwa sijawahi kulitamka, hata nyumbani. "Amekufa," nikasema, na hapo katikati ya uwanja, viti vikining'inia begani, nikalia kwa sauti kama mtoto wa chekechea.

Zainab hakuniambia pole. Aliniteremshia kiti kile begani taratibu. "Basi wacha nimshikie tu," akasema. "Akikuja nitasimama."

Alikikalia hadi tulipomaliza kidato cha nne. Siku ya kuondoka, Madam Kerubo aliniambia kwamba Njoki alizaliwa na ugonjwa wa moyo, daktari alimkataza kubeba chochote kizito, naye aliwasihi walimu wasituambie. Hakutaka kuhurumiwa. Alitaka tumwone mvivu, na kwa hilo alifaulu vizuri kuliko hesabu. Nililia upya, safari hii kwa sababu ya zile kamba za viatu.

Jumamosi iliyopita Zainab alilala kwangu. Asubuhi tulikuwa mezani tukicheka, yeye akikoroga chai, jirani wa juu aliposogeza kiti chake. Mlio ukapanda, mrefu, mwembamba. Nikageukia mlango kama kawaida yangu. Nilipomrudishia macho Zainab nimwombe radhi kwa upuuzi wangu, kijiko kilikuwa bado mkononi mwake, na alikuwa amesimama.

Miaka yote hiyo nilidhani ni mimi peke yangu ninayemngoja.