Famuyadi ya Tata

Tata aliandika wosia wake kwa Kiingereza, na hakuna aliyeshangaa. Tata ndivyo tunavyomwita baba kwetu Ugusii, na huyu wetu alikipenda Kiingereza jinsi watu wengine wanavyopenda suti: alikitoa siku za maana. Alikipata ujanani, alipokuwa akikamua ng'ombe kwenye shamba la Mzungu mmoja upande wa Sotik, kabla hajarudi Nyamira kupanda chai. Alirudi na koti la mvua, ujuzi wa kukanda kiwele kilichovimba, na maneno ishirini au thelathini ambayo aliyatumia mpaka uzeeni, hata baada ya mimi, binti yake kitinda mimba, kuwa mwalimu wa Kiingereza na kuanza kumsahihisha.

Mojawapo lilikuwa famuyadi. "Nani ameacha jembe famuyadi?" "Fungeni lango, ndama asitoke famuyadi." Kwa miaka mingi nilidhani ni neno la Kigusii. Nilikuwa kidato cha kwanza nilipolikuta kitabuni, limeandikwa *farmyard*, kando ya picha ya bata na ghala jekundu kubwa kuliko kanisa letu. Nilirudi nyumbani nikamwambia kwamba sisi hatuna kitu kama hicho.

Tata alicheka. "Basi hao wa kitabuni wana yao," akasema, "na mimi nina yangu."

Wosia wenyewe ulikuwa ukurasa mmoja wa daftari, mistari minne. Chai ya juu aliiacha kwa kaka yangu mkubwa. Chai ya chini, kwa kaka yangu wa pili. Mstari wa tatu ulinihusu mimi: siku yoyote nikirudi nyumbani, nisiulizwe nimefuata nini. Mstari wa nne ulisema kwamba *the farmyard* ni ya mama yetu, na hakuna wa kuigusa angali hai.

Tuliusoma Jumapili mchana, wiki mbili baada ya mazishi. Tulikuwa sebuleni, sisi watatu na Mama, na sufuria ya matoke ikipoa mezani. Kaka mkubwa ndiye aliyesoma. Alipofika mstari wa mwisho aliusoma mara mbili.

Niseme wazi kwamba kaka yangu si mtu mbaya. Ana duka la vifaa vya ujenzi mjini Kisii. Amewauzia mabati na saruji nusu ya watu wanaojenga huko vijijini, lakini yeye mwenyewe hakuwa na nyumba nyumbani. Kwetu hiyo ni aibu. Wakati wa mazishi alilala kwenye gari, mtu mwenye wajukuu, na nilisikia watu wakinong'ona. Alikuwa amekwisha kuchagua mahali pa kujenga: pale kwenye migomba, kati ya jiko la Mama na barabara. Fundi alikuwa ameshapima.

"Mwalimu," aliniambia, kwa kuwa hivyo ndivyo anavyoniita anapohitaji kitu, "*farmyard* ni nini hasa?"

Ningeweza kuomba nifikiri kwanza. Lakini nimefundisha miaka kumi na saba, na mwalimu akiulizwa maana ya neno mkono humwasha. Nilifungua kamusi kwenye simu nikatafsiri kwa sauti: uwanja ulio kati ya majengo ya shambani, au unaoyazunguka, yaani zizi, ghala na kadhalika.

"Uwanja," kaka alisema. "Pale mbele ya zizi. Migomba haimo."

"Ndiyo, kwa maana ya kamusi."

"Kuna maana nyingine?"

Kaka wa pili aliruka juu. "Unataka kusema Tata alimwachia Mama matope ya ng'ombe? Miaka yote waliyokaa pamoja, ampe matope?"

"Sijasema mimi. Kamusi imesema," kaka mkubwa alijibu.

Walianza kupigiana kelele. Mama aliinuka. Alifunika matoke kwa sahani, akafunga leso yake kiunoni, akatoka kwenda kumpa ng'ombe maji. Kupitia dirishani nilimwona amesimama pale mbele ya zizi, ndoo mkononi, akiitazama ardhi kati ya miguu yake kana kwamba anapima kama itamtosha. Sijawahi kuchukia kujua kitu kama nilivyochukia siku hiyo.

Nililala nyumbani. Shule ilikuwa imefungwa, na sikuweza kurudi Nyamarambe, ninakofundisha, nikiwa nimeacha mambo hivyo. Asubuhi Mama alichukua panga kwenda kukata nepia, yale majani marefu ya ng'ombe, nami nikamfuata. Tulikata mzigo wa kwanza. Hatimaye nikamuuliza, "Mama, Tata alipokuambia uende famuyadi, ulikuwa unaenda wapi?"

Alisimama, akacheka mpaka akalazimika kuegemea kisiki.

"Mara ya kwanza sikuenda popote," alisema. "Nilikuwa nimeolewa siku tatu. Akaniambia, peleka maji famuyadi. Mimi nikadhani ni jina la mtu. Nikabeba mtungi nikamwuliza mama mkwe, huyu Famuyadi anakaa wapi? Naye hakumjua. Tukamtafuta sote wawili!"

"Halafu?"

"Halafu akatukuta. Hakucheka, hapo nitamsifu. Alinishika mkono tukazunguka."

Alinionyesha walikopita. Walianzia langoni, wakafuata ua wa michongoma mpaka mwisho wa migomba, wakashuka kwenye nepia hii tuliyokuwa tukikata, wakapita kando ya kijito na kupanda nyuma ya zizi mpaka mlango wa jiko. Sehemu yote isiyokuwa chai. Ndipo Tata akamwambia kwamba chai ina wenyewe wengi: kuna wa kiwandani, kuna wa kupima, kuna wa kuja kukagua. Lakini humu ndani, alisema, hakuna atakayekuuliza unakwenda wapi wala umechuma nini.

"Hivyo ndivyo nilivyoijua," Mama alisema. "Hiyo ya simu yako sikuijua."

Nilitupa panga chini. Niliwapigia simu kaka zangu wote wawili nikawaambia waje, nimekosea.

Kaka wa pili alitangulia, na kaka mkubwa alifika kabla ya saa sita, akiwa bado amevaa koti la dukani lenye vumbi la saruji. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Kwa hiyo leo neno limebadilika," alisema. "Jana uwanja, leo ekari."

"Neno la kamusi halijabadilika. Lakini si kamusi iliyoandika wosia. Ni Tata."

"Na shahidi ni Mama. Ambaye ndiye anayepewa."

Niliona uso wa Mama ukiinama, nikataka kumjibu kaka kwa ukali. Mama aliniwahi. "Njoo tutembee," alimwambia mwanawe. "Si mbali."

Tulitembea wote wanne, Mama mbele. Hakueleza kitu. Tulipofika katikati ya migomba, kaka mkubwa alisimama. Kuna mahali hapo ardhi ina kibonde, na migomba imezunguka kama ukuta. Alikitazama kwa muda mrefu.

"Nilipougua surua," alisema polepole.

Hatukujua anasema nini. Mimi sikuwa nimezaliwa.

"Nilipougua surua Tata alinikataza kutoka famuyadi, nisiambukize watoto wa jirani. Nikajijengea kibanda hapa kwa majani ya migomba. Nilishinda humu siku nzima. Jioni nikamsikia akiniita, nikajua leo ni fimbo, maana sikuwa mbele ya nyumba." Alipangusa paji la uso, vumbi la saruji likabaki mstari mweupe. "Akanikuta hapa. Akasema, vizuri, umetii, hujatoka famuyadi. Akaingia kibandani akakaa na mimi."

Alichuchumaa pale pale kibondeni, mtu mzima wa tumbo, akalia. Mazishini hakulia, alikuwa akipanga viti na kupokea wageni. Kaka wa pili alimwendea na kumwekea mkono begani.

Alipoinuka alimwambia Mama kwamba atamrudisha fundi alikotoka, hajengi tena.

"Nani amekwambia umrudishe?" Mama aliuliza. "Unataka wajukuu wako walale kwenye gari nikifa?"

"Lakini Tata amesema—"

"Tata amesema ni yangu. Kama ni yangu, niombe."

Kwa hiyo aliomba. Aliomba vizuri, kofia mkononi, kwa maneno ya heshima ya Kigusii ambayo sikujua bado anayakumbuka. Mama alimpa kona ya juu, karibu na barabara. Ni ndogo kuliko alivyotaka, na choo chake alilazimika kukisogeza mara mbili kwa sababu Mama hakutaka kiwe karibu na kijito. Migomba sita ilikatwa. Aliihesabu Mama mwenyewe, na mpaka sasa humkumbusha kaka kila anapotaka aletewe kitu kutoka mjini.

Nyumba ilimalizika mwaka uliofuata. Ina vyumba vitatu na mabati ya rangi ya maziwa ya mala yaliyoganda. Kaka na mkewe huja siku za Sabato baada ya kanisa, na mkewe hupika jikoni kwa Mama kwa sababu anasema jiko la gesi linamkosesha hamu ya kula. Kaka wa pili bado hamwamini sana kaka yake, na mazungumzo yao huwa ya mvua na bei ya majani chai. Hilo sikuweza kulitengeneza.

Kamusi bado ninaitumia. Lakini mwanafunzi akiniuliza maana ya neno, siku hizi mimi namuuliza kwanza amelisikia wapi, na nani alikuwa anasema.