Bi Kufuli Hayaamini Maji ya Asubuhi

Saa moja kasoro robo asubuhi, mwanamke wa miaka hamsini na miwili anapiga magoti kwenye ukingo wa mfereji mkuu na kuteka maji kwa kikombe cheupe. Anayatazama, anayanusa, kisha anatumbukiza kipimo cha chumvi kinachoenea kiganjani. Mia tatu na arobaini. Maji ni mazuri.

Anafungua kufuli na kuinua lango. Mtu mwingine angekwenda kunywa chai. Yeye anakaa, anasimama, anakaa tena.

Wakulima humwita Bi Kufuli, na watani husema ufunguo wa lango hauvui hata akienda kuoga. Kazi yake ni kugawa maji kwa zamu katika mashamba sitini na manane. Kilomita chache juu ya mto kuna mgodi wa wazi wa makaa ya mawe. Mvua ikinyesha shimo hujaa, na kesho yake pampu huyasukuma mtoni maji yaliyopita kwenye vifusi na kubeba chumvi.

Jana mvua ilinyesha huko juu.

Leo ni zamu ya shemeji yake, mume wa dada yake mkubwa. Vitunguu vyake havijapata maji kwa siku nane, na ndio kwanza vinajaza vichwa. Tangu lango lifunguliwe yuko shambani na jembe, anayaelekeza maji tuta kwa tuta.

Bi Kufuli anapima tena saa mbili. Saa tatu. Saa nne. Chai imepoa kwenye chupa.

Wasiwasi huo una chanzo. Kwa miaka miwili alipima maji kila siku saa moja asubuhi, bila kukosa, na kuandika kwenye daftari alilojivunia sana. Hakujua kwamba pampu za mgodi huwashwa alfajiri, wala kwamba maji yake huchukua kama saa sita kufika langoni. Chumvi ilipita kila mara yeye akiwa ameshafunga daftari.

Maharage yalipoanza kuungua ncha za majani, wakulima walikwenda kulalamika. Afisa wa mgodi hakubishana nao. Aliomba daftari la Bi Kufuli, akasoma mbele ya mkutano ukurasa baada ya ukurasa: safi, safi, safi.

"Nilishindwa kwa mwandiko wangu mwenyewe," anasema. "Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole."

Ekari mbili za dada yake huyo, zilizo karibu zaidi na lango kuliko vitunguu vya mumewe, zimefanya ukoko mweupe na hakioti kitu. Dada hajamlaumu hata siku moja, na hilo ndilo linalomtafuna.

Sasa hupima kila saa, na baada ya mvua, adhuhuri ikikaribia, kila dakika chache. Nyumbani huacha mazungumzo katikati akachungulie maji. Mumewe hulalamika kwamba yeye na mfereji wameoa mke mmoja.

Saa sita na dakika ishirini kipimo kinasoma mia tisa. Anamwaga, anateka upya. Elfu moja mia nne. Bwana shamba aliwaambia kwamba ikizidi mia nane, kitunguu huanza kuumia. Bi Kufuli anashusha lango na kutia kufuli.

Haichukui muda shemeji anapanda kutoka shambani, matope hadi magotini. Theluthi mbili ya matuta bado ni makavu. Anayaangalia maji mferejini, anaona changarawe za chini kabisa.

"Shemeji, maji si ndiyo haya haya ya asubuhi?"

"Siyo. Yanafanana tu."

"Lingekuwa shamba la mtu mwingine, usingefunga. Kwangu unaogopa kusemwa unapendelea ndugu."

Neno hilo linamchoma, na uso hauwezi kulificha. Anampa kikombe na kipimo.

Shemeji anapima. Anapima tena, mara ya tatu akiinama kuteka mbali na ukingo. Kisha anakaa chini. Zamu nyingine ni baada ya siku nane, na vitunguu vingi havitangoja.

Wiki ijayo kuna kikao. Mgodi umeomba kusogeza shimo hadi mita mia nne kutoka mferejini, na wakulima watakwenda na daftari jipya, lenye saa za mchana. Wanataka mgodi ujenge bwawa la kusafishia maji ya shimo kabla hayajafika mtoni, na kipimo kwenye bomba lake kisomwe na wakulima wenyewe.

"Mjinga akierevuka, mwerevu yu mashakani," anasema Bi Kufuli, na kwa mara ya kwanza leo anatabasamu.

Shemeji anaomba kalamu na daftari. Chini ya namba za saa sita anaandika polepole: "Zamu yangu imekatwa. Nimepima mwenyewe." Anatia sahihi, anachukua jembe lake na kuondoka.

Bi Kufuli anausoma mstari huo mara mbili, kisha anafuta macho kwa ncha ya kanga.

"Wakijenga lile bwawa," anasema, "nitafungua lango asubuhi, niende kwa dada nikakae. Nikae tu, mpaka chai iishe."

Anatazama saa. Anachukua kikombe.