Panzi Waliokufa Wakikumbatia Mawele

Siku yangu ya kwanza kazini kama bwana shamba, mwanzoni mwa miaka ya tisini, Afisa wa Kilimo wa Divisheni alinipa kisu, chupa za sampuli na kanuni moja. "Kijana, ukiona suke gonjwa, kata, choma. Usilihurumie." Alikuwa akizungumzia fugwe, ugonjwa unaogeuza punje kuwa unga mweusi.

Akanituma nyanda kavu za Embu kwa Mama Ireri, mjane aliyelisha watoto wanne kwa ekari mbili za mawele. Panzi walikuwa wamevamia shamba. Ajabu ni kwamba wengi walikuwa wamekufa, kila mmoja kwenye ncha ya bua, kichwa juu, amelikumbatia kwa miguu yote. Nilimsukuma mmoja kwa kidole. Hakuanguka.

"Nani amewapanga hivi, mama?"

"Si wewe ndiwe umesoma?" akacheka.

Nikaamua ni ugonjwa, tukaanza na mabua yenye panzi wafu. Kata, choma. Siku ya pili, tukiwa tumemaliza nusu ya juu ya shamba, alitupa panga chini.

"Bwana shamba, hawa wafu wamenikosea nini? Wanaokula mawele yangu ni wale wazima!"

Nikapeleka chupa moja ya panzi wafu mjini Embu. Afisa alitazama kwenye hadubini kwa muda mrefu.

"Hii ni kuvu," akasema. "Hupenya ngozi ya panzi, humla ndani kwa ndani. Akikaribia kufa, humfanya apande juu na kushikilia. Akishakufa, kuvu hurusha spora, yaani vumbi lake la uzazi, liwaangukie panzi walio chini. Umechoma wangapi?"

"Wafu wote wa nusu ya shamba, bwana."

"Umemchomea mama dawa yake!"

"Kanuni ilikuwa yako, bwana."

Akakohoa. "Ya fugwe, kijana. Rudi upesi."

Nilirudi. Tulikata mabua yenye panzi wafu upande wa chini, tukayafunga katikati ya mawele ya juu. Asubuhi zile zilikuwa na umande mzito, na kuvu hupenda unyevu. Baada ya majuma mawili panzi wa juu nao walianza kupanda mabua na kufa. Sijui kama ni kazi yetu au ya umande. Upande wa chini Mama Ireri alivuna vizuri. Wa juu, kidogo, lakini watoto walikula hadi mvua iliyofuata.

Nilipostaafu nilirudisha kisu kile. Afisa mpya alipitisha kidole kwenye makali.

"Mzee, mbona ni kibutu hivi?"

"Sikukinoa tena. Kaa, nikueleze habari za mama mmoja aliyetupa panga."